Torsk (samaki aitwaye cod kwa Kiingereza) anapanda na "puto" mdomoni, nimtoboe?

SWALI: Kaka habari. Niko Tromsø huku, Norwei ya kaskazini, wikendi tunatoka na boti ya jamaa tunavua kwa fimbo kwenye fjodi (mkono wa bahari ulioingia kati ya milima). Torsk wadogo wakitoka kina kirefu wanafika juu wamevimba, mdomoni kuna kitu kama puto, nikiwarudisha wanaelea tu. Jamaa anasema toboa na kisu hewa itoke. Ni sawa?

JIBU: Hapana bana, weka kisu chini. Hicho unachokiona sio kibofu cha hewa, kile kinachomsaidia kuelea, ni tumbo la samaki limesukumwa nje na gesi, ukitoboa umemtoboa tumbo na kibofu chenyewe hujakigusa.

Iko hivi, kibofu cha torsk kimefungwa, hana njia ya kutema hewa chapchap, na kila mita 10 za maji zinaongeza mgandamizo sawa na ule wa hewa yote iliyo juu yetu, kwa hiyo ukimvuta toka mita 40 gesi inataka kutanuka kama mara 5, toka mita 90 mara 10. Chewa wa kwetu akitolewa kwenye miamba ya kina ni yaleyale. Uer, yule samaki mwekundu wa kina kirefu, ndo hali mbaya kabisa, macho yanatoka nje. Ila kveite (samaki bapa mkubwa, halibut) na steinbit (wolffish) hawana hicho kibofu, wanarudi bila shida, na afadhali, maana kveite mdogo mno au mkubwa mno sheria ya Norwei hairuhusu umchukue.

Torsk mdogo mzima mshushe mwenyewe, haraka. Tafuta ndoana kubwa, bana na koleo ule mwiba mdogo karibu na ncha unaozuia samaki kuchomoka, mshipi funga kwenye mpindo, chubwi nzito ining'inie kwenye jicho la ndoana, yaani ncha itazame chini. Mtundike mdomo wa chini, achia mpaka kina ulikomtoa, gesi inasinyaa yenyewe, halafu mtikiso mmoja wa fimbo anachomoka. Na wakati wa baridi kali mambo ya kumlaza kwenye boti upige selfi acha, matamvua yanaanza kuganda.

Ila mi nikiona wanapanda wadogo watupu mfululizo sihangaiki na chubwi, nahamisha boti. Kundi la wadogo likikaa hapo chini utavuta haohao tu, sogea kwenye kina cha mita 15 hadi 20 au badili chambo, weka kikubwa zaidi.