Picha za Tanga ya zamani: hulipi, wala si lazima uwe mwanafunzi

Umeuliza kama ni lazima ulipe au uwe mwanafunzi ndipo uzione picha za Tanga ya zamani. Hapana ndugu, kuziona ni bure kwa yeyote. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Frankfurt, Ujerumani, imeweka mtandaoni hazina kubwa ya picha za enzi za Mjerumani. Tafuta "Tanga" au "Usambara". Mimi huzipitia kwa ajili ya historia ya reli yetu, iliyoanza kujengwa hapa Tanga 1893. Maelezo ni ya Kijerumani, yameandikwa kwa jicho la mkoloni, na wenyeji wengi hawatajwi hata jina. Inauma. Mwezi ambao picha ilipigwa nao mara nyingi hautajwi, ila ukiona majahazi ya Arabuni yametia nanga, huenda ni msimu wa kaskazi, upepo unaoyaleta kutoka kaskazini, Desemba hadi Machi hivi. Ukitaka kuzichapisha kitabuni, omba ruhusa kwanza.