Usimwandikie mamako "malipo": jibu kwa aliyeomba visawe vya "charge"

Weka kalamu chini kwanza. Umeuliza mambo matatu: visawe vyote vya "charge" kwa insha ya mdogo wako, linavyotamkwa, na kama ni sawa kumtafsiria mamako "charge" iliyo kwenye barua ya mkopo kuwa "malipo". Na walionitangulia wamekujibu eti malipo, ada, gharama, zote sawa tu. Sawa kwa nani? Mimi niliandika hilo hilo "malipo" kwenye barua kama hiyo hiyo, na ami yangu hana tena kiwanja chake cha barabarani.

Ami alitaka mkopo wa mashine ya kusaga. Wakopeshaji (siwataji, wana mawakili wengi kuliko nilivyo na marafiki) wakampa barua ndefu ya Kiingereza, na kwa kuwa mimi ndiye "msomi" wa ukoo, nikaitwa. Ndani mlikuwa na mistari miwili inayofanana kama pacha. Mmoja ulisema "legal charges" ni juu ya mkopaji. Mwingine, chini kidogo, ulisema mkopo utalindwa kwa "first legal charge over" kiwanja cha nyumbani.

Iangalie hiyo "s". Penye "s" ni gharama za wakili, na hapo kweli ni malipo. Pasipo na "s", na penye "over" nyuma yake, ni rehani. REHANI! Neno ambalo ami analijua tangu utotoni, na lau ningelitaja angeinuka kitini, akachukua kofia yake, akaenda zake. Lakini kamusi ya simu ilinipa malipo, ada, shtaka, chaji, nami nikalichukua la kwanza kwa sababu lilikuwa juu. Nikawasomea kwa sauti ya kitaalamu: "malipo ya kwanza ya kisheria kuhusu kiwanja". Ami akauliza ni shilingi ngapi. Akaambiwa gharama za wakili, akalipa, risiti akaifungia sandukuni. Kwake yeye habari ya "charge" ikawa imekwisha.

Mkewe naye akatia sahihi. Kwa sheria ya Kenya nyumba ya wanandoa haiwekwi rehani bila mwenzi kutia sahihi au kuridhia kwenye hati, kusudi naye ajue kinachofanyika. Hakujua, maana aliyemsomea ni mimi.

Mashine ikaharibika, marejesho yakakwama. Ikaja notisi ya miezi 3 chini ya Land Act ya 2012, ikimwita ami "the chargor". Nikamwambia wamekosea tahajia, walitaka kuandika "charger". Ami akacheka sana, mimi leo nimekuwa chaja! Kumbe "chargor" ni mwenye ardhi aliyeiweka rehani, na "chargee" ni mkopeshaji. Tukaenda ofisini kwao kifua mbele na risiti yetu kuwaonyesha kwamba "charge" tulishailipa kitambo. Karani aliitazama ile risiti, akatutazama sisi, akaomba radhi akatoka nje. Mpaka leo naamini alikwenda kucheka.

Baadaye ikafuata notisi ya pili, ile ya siku 40 kabla ya kuuza, kisha dalali akaanza kupita pita na kamera. Ili kuikomboa nyumba, ami akauza kiwanja cha barabarani kwa bei ya mtu mwenye haraka, na wanunuzi wanaijua haraka hata ukiificha.

Sasa nimseme nani? Afisa wa mikopo aliyesema "hiyo ni ya kawaida tu mzee, kila mtu anatia sahihi"? Huyo namsema kila Idi. Lakini hasira kubwa namwekea mwalimu wetu wa Kiingereza, aliyetuandikia ubaoni charge = cost = fee = price = accuse = attack, na alama ya sawasawa kila mahali! Tukakariri, tukapata vema nyekundu, tukatoka shuleni tukiamini neno ni safu ya kuchagua lolote.

Kwa hiyo shika hili peke yake, mengine tupa: usitafute kisawe cha "charge" kabla hujasoma neno la kabla na la baada yake. "Charge for" ni kutoza. "Charged with" wizi ni kushtakiwa, lakini "charged with" kazi fulani ni kukabidhiwa jukumu. "In charge of" ni msimamizi, kama yule wa zahanati tunayemwita inchaji. Ikiwa ni wapanda farasi vitani, ni kuvamia kwa kasi. "Over" au "on" mbele ya ardhi, simama! Chimbuko lake ni Kilatini cha kupakia mzigo garini, ndiyo maana "cargo" ni ndugu yake, na mizigo ni ya namna nyingi: wa umeme kwenye simu, wa kosa kwa mshtakiwa, wa deni kwenye kiwanja.

Na yule mchangiaji wa Arusha anayesema barua za ardhi huandikwa "mortgage", kwake ni kweli. Sheria ya Ardhi ya Tanzania ya 1999 inatumia neno hilo. Ukivuka mpaka wa Namanga kuja huku Kenya, jambo lile lile linaitwa "charge". Usimsikilize kwa barua ya Kenya.

Jingine: mkimaliza kulipa, dai "discharge of charge", yaani hati ya kuondoa rehani, na uhakikishe imesajiliwa ofisi ya ardhi, la sivyo rehani inabaki kwenye rejista ingawa deni limekwisha. Usikimbilie kamusi kwa hiyo "discharge", itakupa mgonjwa kuruhusiwa hospitali, au usaha.

Tuma hapa mstari mzima wa hiyo barua, kuanzia nukta hadi nukta, ficha majina na namba ya kiwanja. Mamako asitie sahihi leo. Na kama kuna baba nyumbani, naye asitie.