Re: Hita ya volti 230 na ampea 5, ukinzani ni ngapi na inakula wati ngapi?

Mdogo wangu wa Pasua, umesema hita yako ya kuchemshia maji kwenye ndoo umeipima ikasoma volti 230 na ampea 5, unataka ukinzani na wati. Hapo ni kugawanya na kuzidisha tu, volti 230 gawanya kwa ampea 5 unapata ukinzani wa omu 46, halafu 230 mara 5 unapata wati 1150, yaani ukiiwasha saa nzima luku inakata yuniti 1.15.

Sasa lile ulilouliza pia, kwamba jioni maji yanachelewa kuchemka, usikimbilie kununua hita nyingine kwanza. Mimi hapa Unga Limited, Arusha, jioni mashine za kuchomelea zikipiga kazi zote nimeshapima soketi ikasoma volti 190, na koili, yaani waya wa hita unaopata moto, kama ni ileile ya omu 46 basi ampea zinashuka hadi kama 4.13, na wati zinabaki 785 hivi. Umeona eeh? Volti imepungua kidogo ila nguvu imeondoka karibu theluthi, maana volti na ampea zinashuka kwa pamoja.

Ukitaka kupima omu zenyewe kwa mita, chomoa plagi kwanza, nakuomba sana, usipime omu kitu kikiwa na moto. Balbu ya waya ukiipima ya baridi omu zitakuwa chache mno kuliko ikiwaka, sio mbovu. Friji na pampu usizipigie wati kwa hesabu hii ya volti mara ampea, zina mota, jibu litazidi ukweli.