Re: Mtoto akichanganya rangi zinakuwa tope
Pole mama, huyo wa miaka 4 anayevuruga rangi zote hadi tope hana shida, wangu alikuwa hivyo hivyo. Mpe mbili tu kwa siku. Anza na njano halafu tone moja la bluu, kidogo kidogo maana bluu inameza njano haraka, kijani ikitokea we unamsimulia kinyonga kapanda mgomba. Kesho nyekundu na njano, kinyonga kahamia kwenye chungwa (machungwa ya Muheza, Tanga, ni ya kijani, atakuuliza tu!). Mi natumia rangi za chakula kwenye vifuniko vya chupa. Za ukutani hapana kabisa, nyingine zina madini ya risasi. Akifika miaka 5 bado nyekundu na kijani anaziona kama rangi moja, hasa wa kiume, mpeleke kwa daktari wa macho.