Nimeitwa na wapelelezi wa jeshi Jumatatu: niende nikajieleze?

SWALI: Habari za kazi, wakili. Mimi ni askari wa jeshi la nchi kavu la Marekani, huu ni mwaka wangu wa tatu, na bado natumia grini kadi. Nilipopelekwa Korea mke wangu alibaki Virginia, na posho ya nyumba ikawa inalipwa kwa kiwango cha kule. Baada ya muda akahamia Texas kwa dada yake. Nilimwambia karani wa S-1, ofisi ya utumishi ya kikosi, kwa mdomo, nikatuma na barua pepe moja, lakini malipo hayakubadilika. Tofauti ni kama dola 900 kwa mwezi, kwa miezi 14. Sasa nimeambiwa nifike CID, idara ya upelelezi wa jinai ya jeshi, Jumatatu saa 3 asubuhi. Sajenti wangu, ambaye siku zote amenitendea vizuri, anasema nikijieleza vizuri yataisha. Sijaiba. Niende? Na nikinyamaza si nitaonekana mwizi?

JIBU: Pole sana, ndugu yangu. Nenda, lakini usijieleze.

Kufika ni amri. Usipofika utakuwa umejitengenezea kosa jipya chini ya kifungu cha 86 cha UCMJ, yaani sheria ya makosa ya kijeshi ya Marekani, na kosa hilo halihitaji ushahidi wowote wa posho. Kusema ni jambo lingine kabisa. Hakuna mwenye cheo, awe sajenti au jenerali, anayeweza kukuamuru useme neno la kukutia hatiani.

Ulinzi huo uko katika kifungu cha 31. Bunge la Marekani lilikiandika mwaka 1950, miaka 16 kabla Mahakama ya Juu haijawapa raia wa kawaida haki ya kuonywa kabla ya kuhojiwa na polisi. Jeshi lilitangulia kwa sababu wabunge walijua uzito wa cheo. Askari amefundishwa tangu siku ya kwanza kwamba aliyemzidi cheo akiuliza, anajibiwa papo hapo. Kwa sisi uzito huo ni mara mbili, maana tumelelewa kwamba kumnyamazia mkubwa ni utovu wa adabu. Kwa hiyo sheria inataka kila askari anayemhoji mwenzake kama mtuhumiwa amwambie kwanza anatuhumiwa kwa nini, kwamba ana haki ya kunyamaza, na kwamba atakachosema kinaweza kutumika dhidi yake. Hilo linamhusu hata sajenti wako, kama anakuuliza kwa nafasi yake ya kazi. Kama mmeshaongea kwa kina kuhusu posho bila yeye kukuonya, mweleze wakili wako kila neno lililosemwa. Huenda maneno hayo yakakataliwa mahakamani. Tangu leo usiongeze mengine.

Kuhusu kuonekana mwizi: kanuni za ushahidi za mahakama za kijeshi zinakataza ukimya wa mtu anayechunguzwa kutumiwa kama dalili kwamba amekiri. Mpelelezi anaweza kuudhika. Hakimu hawezi kukuhesabia ukimya wako kuwa hatia.

Chumba chenyewe huwa hakitishi, na hapo ndipo wengi huponyokwa. Mtaongea kidogo kuhusu kwenu, mpira, familia. Kisha italetwa fomu ya haki, DA 3881. Ina sehemu mbili za kutia saini: moja ni ya kuachia haki zako na kukubali kuhojiwa, nyingine ni ya kukataa kuziachia. Isome yote taratibu, hata kama mpelelezi anakuambia ni utaratibu tu. Weka alama kwamba unataka wakili, tia saini sehemu ya kukataa, na useme kwa sauti: “Nataka wakili. Sitajibu maswali.” Sema hivyo hivyo, bila “labda” wala “nafikiri”. Mwaka 1994, katika kesi ya baharia wa jeshi aitwaye Davis, Mahakama ya Juu iliamua kwamba kusema “labda niongee na wakili” hakukutosha kuwalazimisha wapelelezi waache kuuliza. Neno moja la kusitasita likamgharimu.

Najua unachowaza: mimi nina maelezo mazuri, kwa nini niyafiche? Nimemtetea kijana aliyewaza hivyo hivyo. Aliandika maelezo kurasa tatu, akaeleza kwa uaminifu jinsi alivyokuwa na kazi nyingi na jinsi karani alivyomzungusha. Katikati ya ukurasa wa pili kulikuwa na sentensi moja: “Nilijua pesa imezidi lakini nilikuwa na madeni.” Kurasa zile nyingine hakuna aliyezisoma tena. Na si kukiri tu kunakoumiza. Ukikosea tarehe ambayo mkeo alihama, kisha barua ya mwenye nyumba ikaonyesha tarehe nyingine, unaweza kushtakiwa kwa kifungu cha 107, kutoa taarifa ya uongo kikazi, ambacho adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miaka 5. Yaani shtaka la wizi linaweza kuanguka na lile lililozaliwa mle chumbani likabaki limesimama.

Wakiomba kuangalia simu yako, sema huridhii, na usitaje namba ya siri. Wakija na kibali cha upekuzi, ambacho jeshini hata kamanda anaweza kukitoa, usiwazuie. Kupinga kibali ni kazi ya wakili baadaye. Usifute ujumbe wowote. Kufuta kunaweza kukuletea shtaka la kuzuia haki kutendeka.

Sasa, wakili. Jeshi la nchi kavu lina ofisi ya utetezi iitwayo TDS. Ni bure kwa askari wa cheo chochote, na mawakili wake hawako chini ya kamanda wako, ingawa nao wamevaa sare. Uwe mwangalifu na mlango unaoubisha: ofisi ya msaada wa kisheria inayoandika wosia na hati za uwakilishi siyo hiyo, na wanasheria wanaomshauri kamanda wako ndio watakaokushtaki. Ukifika, uliza kwanza kama anayekusikiliza ni wakili wa utetezi. Kesi ikifika mahakamani unaweza kumwongeza wakili wa kiraia kwa gharama yako, na yule wa TDS naye akabaki. Siri za kisheria unazo kwa wakili, kwa kasisi au imamu wa kikosi, na kwa kiasi fulani kwa mkeo. Marafiki wa WhatsApp hawamo.

Kiini cha utetezi wako ninakiona katika ile barua pepe. Wizi chini ya kifungu cha 121 unahitaji nia. Askari aliyeamini kwa moyo mweupe kwamba ameshatoa taarifa, na kwamba malipo yanashughulikiwa, ana utetezi hata kama imani yake ilikuwa ya kizembe kidogo. Kinachopimwa ni kama ilikuwa ya kweli. Itafute hiyo barua pepe leo, tunza nakala yenye tarehe, pamoja na taarifa zako za mishahara na chochote kinachoonyesha mkeo alihama lini. Mpe wakili peke yake. Vilevile usikimbilie kurudisha pesa ukiambatanisha na barua ya kuomba radhi. Kulipa kunaweza kusaidia, lakini namna na wakati wake apange wakili, kwa sababu ile radhi itasomwa kama kukiri.

Jambo ambalo hukuuliza ndilo linalonitia wasiwasi zaidi, nalo ni grini kadi yako. Dola 900 mara 14 ni dola 12,600. Sheria ya uhamiaji ya Marekani inahesabu udanganyifu uliosababisha hasara ya zaidi ya dola 10,000 kuwa miongoni mwa makosa mazito kabisa, yale yanayomtoa mkaazi nchini na kumfungia mlango wa uraia. Hukumu ya mahakama ya kijeshi nayo inahesabika. Hivyo ikifika hatua ya makubaliano ya kukiri kosa ili upunguziwe adhabu, kiasi kinachoandikwa kwenye shtaka kina uzito kuliko hata miezi ya kifungo, na wakili asiyejua uhamiaji anaweza kukusifia makubaliano yatakayokufukuza. Mwambie hali yako ya ukaazi katika dakika ya kwanza. Tangu kesi ya Padilla iliyoamuliwa na Mahakama ya Juu mwaka 2010, wakili wa utetezi ana wajibu wa kukushauri kuhusu hatari ya kufukuzwa.

Kuna mtego mwingine unaovaa sura ya msaada. Mashtaka yakishafunguliwa unaweza kuomba kuachishwa jeshi badala ya kwenda mahakamani. Hakuna hukumu wala jela, na kwa mzaliwa wa Marekani wakati mwingine ni nafuu kubwa. Lakini kwa kawaida unatoka na cheti cha kuachishwa kusiko kwa heshima, na njia ya uraia kupitia jeshi inataka utumishi wa heshima. Hata aliyekwisha kupata uraia kwa njia hiyo anaweza kunyang'anywa akiachishwa namna hiyo kabla ya kutimiza miaka 5.

Mengi ya haya huenda yasifike mbali. Kesi za posho nyingine huishia kwa onyo, au adhabu ya kamanda chini ya kifungu cha 15, ambayo una haki ya kuikataa na kudai mahakama. Usiikatae wala kuikubali kabla hujakaa na TDS.

Mkeo naye anaweza kupigiwa simu. Yeye ni raia, hayuko chini ya amri ya mtu yeyote pale, na halazimiki kuongea nao. Mweleze hilo usiku huu, lakini usimwambie aseme nini. Sajenti naye, mkikutana Jumatatu, mjibu kwa adabu zote: umefika kama ulivyoagizwa, na umeomba wakili.