Maswali ya Jikoni: Ndimu Kavu

*Shemeji yangu amerudi kutoka Maskati na mfuko wa ndimu nyeusi, ngumu kama kokoto. Nimezitwanga nikatia kwenye mchuzi wa kuku, ukawa mchungu hata watoto wakaukataa. Nimekosea wapi? — Bi. S., Tanga*

Pole, Bi. S. Uchungu huo ni wa mbegu, zilizosagika pamoja na ganda. Ukitaka unga, pasua ndimu kwa mchi, toa mbegu zote, ndipo usage kilichobaki. Kwa kuku mmoja nusu kijiko cha chai kinatosha, tena utie dakika 10 za mwisho.

Waomani, wanaoziita lumi, mara nyingi huzipika nzima. Itoboe kila moja kwa ncha ya kisu, tundu upande huu na tundu upande wa pili, supu ipate kuingia. Isipotobolewa huelea tu juu ya sufuria, na utakunywa supu isiyo na uchachu wowote. Kilo moja ya nyama inataka ndimu 2 au 3, kuanzia maji yanapochemka. Usiziponde kwa mwiko. Onja baada ya dakika 30. Uchachu ukikolea, zitoe.

*Dukani ziko za hudhurungi na nyeusi tititi. Ni aina mbili? Na asili yake wapi hasa? — J., Mombasa*

Ni tunda moja, ndimu yetu ile ndogo. Rangi inatokana na ilivyokauka. Za hudhurungi ni nyepesi, nzuri kwa samaki na chai. Nyeusi zina harufu nzito, kama ya moshi ingawa hazijapitishwa kwenye moshi, na hizo ndizo za nyama ya mbuzi. Vunja moja kabla ya kununua: weusi wa ndani ni sawa, vumbi la kijani au jeupe ni ukungu, tupa.

Kuhusu asili, Waajemi huziita limu amani, yaani ndimu za Omani. Wairaki husema numi basra, kwa bandari ya Basra zilikopitia. Kwa masikitiko, tangu miaka ya 1970 Omani imepoteza mindimu mingi kwa ugonjwa unaofanya matawi yaote vijani vidogo vilivyosongamana kama ufagio, hadi mti unakufa.

*Naweza kuzikausha mwenyewe hapa Unguja? — M., Unguja*

Unaweza, wakati wa kaskazi; masika usijaribu. Chagua ndimu ndogo za ganda jembamba, zilizoanza kugeuka njano, zisizo na mchubuko hata mmoja, maana ukungu huanzia hapo. Malimau hayafai: nyama nyeupe ya ganda lake ni nene, hushika maji na kuleta uchungu.

Chemsha maji lita 2 na chumvi vijiko vikubwa 2, tia ndimu, hesabu dakika 5. Zikishapoteza ule ukijani mkali, epua. Ukizidisha, ganda hupasuka na maji yote hutoka. Zianike juu ya wavu ulioinuliwa, si sakafuni, hewa ipite chini. Zigeuze kila siku na uziingize ndani kabla ya umande. Mawingu yakidumu siku mbili tatu, zimalizie kwenye oveni kwa moto mdogo kabisa, mlango wazi kidogo.

Hesabu wiki 3 au zaidi. Ndimu iliyo tayari ni nyepesi mkononi, na ukiigonga mezani hulia kama kibuyu kitupu. Inayobonyea bado ina maji. Weka kwenye chupa yenye kifuniko, na zikianza kulainika, zirudishe juani siku nzima.