Bahari Imelala Ubavu: Jua Chanzo Kabla ya Kusawazisha Gimbali

Msomaji wetu wa Chumbageni, mpiga video za harusi, ametuma klipu tatu alizorekodi kwa droni Raskazone, Tanga, pamoja na swali moja: mbona bahari inalala kushoto ilhali gimbali (kishikio chenye mota kinachoiweka kamera ya droni sawa) ameshaisawazisha mpaka amechoka? Klipu zenyewe zina jibu. Ya kwanza imenyooka kabisa. Ya pili imelala, na imelala baada ya droni kuwazunguka maharusi. Ya tatu haijalala hata kidogo. Kinachoonekana kupinda ni ufuko wa ng'ambo ya ghuba. Kwa hiyo ana mambo mawili yasiyohusiana, na hakuna hata moja linalotibiwa na kitufe cha kusawazisha.

Usisawazishe chochote kabla hujajua ulalo ulio nao ni wa namna gani. Kusawazisha ni kuiambia droni kwamba hapa ndipo palipo sawa. Ukiiambia uongo itauamini, na itaubeba kila itakaporuka. Droni nyingi zinazosemwa kuwa mbovu ziliharibiwa mezani na wenyewe, kwa kusawazishwa juu ya meza iliyoinama.

Hakikisha unachotazama ni upeo

Droni ikiwa mita 50 juu, upeo wa bahari, yaani mstari ambapo maji yanakutana na anga, uko kilomita 25 hivi mbele yako, na umbali huo ni uleule kila upande. Mstari wake lazima ukae mlalo kwenye picha. Hapo sisi watu wa Pwani hatuna kisingizio: wenzetu wa bara wanahangaika na vilima, sisi tumewekewa pimamaji mlangoni.

Lakini ufuko si upeo. Ukiwa Raskazone ukaelekeza kamera kisiwa cha Toten na Chongoleani, mstari unaouona ni wa nchi kavu iliyo jirani, na sehemu iliyo karibu nawe hukaa chini zaidi kwenye picha kuliko iliyo mbali. Tuseme droni iko mita 50 juu, na ufuko wa ng'ambo uko kilomita 2 upande mmoja wa fremu na kilomita 4 upande wa pili. Kwa lenzi pana ya kawaida ya droni, tofauti hiyo huwa pikseli 30 hadi 40 kwenye fremu ya 4K. Jicho linasoma ulalo wa nusu digrii ambao haupo. Ukitaka kupima gimbali ukiwa Tanga, elekeza kamera nje ya mdomo wa ghuba, kwenye bahari wazi, si ndani ya ghuba.

Bagamoyo mambo ni mepesi zaidi, maana mbele ya mji ni maji matupu. Kinachodanganya huko ni picha ya mshazari ya bandari ya majahazi. Mstari wa mchanga unapanda upande mmoja, mhariri anauzungusha mpaka mchanga unyooke, na bahari nyuma yake inabaki imepinda. Nyoosha bahari, mchanga uache ulivyo.

Jaribio la dakika tatu

Nenda asubuhi kabla upepo haujaamka. Washa gridi kwenye skrini. Panda mita 30 hadi 50, kamera iwe digrii 0, upeo upite katikati ya fremu. Katikati ni muhimu, kwa sababu lenzi pana hukunja mistari inayopita karibu na ukingo wa juu au wa chini, na mkunjo huo hauna uhusiano wowote na gimbali. Rekodi sekunde 20 bila kugusa fimbo za rimoti. Geuza droni taratibu digrii 60 kulia, tulia sekunde 20. Kisha digrii 60 kushoto ya ulipoanzia, tulia tena. Malizia kwa duara moja zima, kwa kasi ileile unayotumia kazini, urudi ulikoanzia na utulie sekunde 30 huku ukiendelea kurekodi.

Sasa pima, usikadirie. Simamisha fremu, soma kimo cha upeo kwenye ukingo wa kushoto na kwenye ukingo wa kulia, toa kimoja kwa kingine. Kwenye fremu yenye upana wa pikseli 3840, digrii 1 ni tofauti ya pikseli 67. Kwenye upana wa 1920 ni 33 na nusu. Kwa saizi yoyote, gawa tofauti kwa upana kisha zidisha kwa 57.3 upate digrii. Pikseli 7 za 4K ni sehemu ya kumi ya digrii, na hakuna mteja atakayeiona. Pikseli 30 anaziona. Hajui gimbali ni nini, ila bahari anaijua tangu utotoni, na iliyolala anaitambua hata kama hawezi kueleza kinachomkera.

Namba hizo ndizo zitakazokuambia uende wapi. Ulalo ukiwa uleule kila upande, kabla na baada ya duara, tatizo ni usawazishaji au ni kitu kilichopinda. Ukiwa haupo mwanzoni, ukatokea baada ya duara na kupungua polepole droni ikiwa imetulia, tatizo ni urushaji. Ukibadilika kulingana na uelekeo, kushoto huku na kulia kule, shuku upepo wa ubavuni. Siku shwari ukiendelea vilevile, shuku dira. Na ukiona picha inalala kila droni yenyewe inapolala, fungua mipangilio ya gimbali uangalie kama haikuwekwa FPV badala ya Follow. Katika FPV gimbali inafuata mwili wa droni kwa makusudi, na watu wamewahi kutenganisha kamera nzima kwa sababu ya kitufe hicho kimoja.

Kwa nini duara linalaza upeo

Hapa ndipo wengi wanapopotea, kwa hiyo tukae kidogo.

Droni hujua chini ni wapi kwa vihisi viwili vinavyosaidiana. Jairoskopu inahesabu mizunguko. Ni nyepesi na sahihi kwa sekunde chache, ila hesabu yake huteleza kadiri muda unavyokwenda. Kihisi mchapuko kinahisi uzito na kuirekebisha jairoskopu. Shida ni kwamba kihisi mchapuko hakitofautishi uzito wa dunia na msukumo mwingine wowote. Ukizunguka maharusi kwa mita 5 kwa sekunde kwenye duara la nusu kipenyo mita 15, msukumo wa kuelekea katikati ni mita 1.67 kwa sekunde mraba, na kwa kihisi hicho peke yake chini imehama karibu digrii 10. Programu ya droni inalijua hilo na inalifidia kwa kasi inayosomwa kwenye setilaiti, lakini fidia haikamiliki. Kidogo kinavuja, na duara likiwa refu uvujaji unajikusanya. Dira nayo ikiwa imepotoka, fidia inatolewa upande usio wake, na ulalo unakuwa mkubwa zaidi.

Dawa iko mikononi mwako. Msukumo huo unakua kwa mraba wa kasi. Ukishuka kutoka mita 5 hadi mita 3 kwa sekunde kwenye duara lilelile, digrii 10 zinakuwa 3 na nusu. Ukibaki na mita 5 ukapanua nusu kipenyo hadi mita 30, zinakuwa karibu 5. Zunguka mara moja, simama hewani sekunde 15, ndipo uendelee. Duara la pili liende upande wa kinyume. Picha ya bahari wazi, ile ambayo kosa lake haliwezi kufichika, ipige kabla ya kuzunguka. Kuna wanaopiga duara nne mfululizo kwa Sport, ile hali ya kasi ya juu, halafu wanailaumu kamera. Kamera haina kosa hapo.

Kuwashia chomboni

Wanaopiga ngalawa na majahazi wana ulalo wao. Jairoskopu hujipimia sifuri yake pale droni inapowashwa, na ili sifuri iwe sahihi droni lazima itulie kabisa. Ukiiwasha ndani ya mashua inayoyumba, sifuri inaingia na kosa, na upeo unateleza kidogokidogo safari nzima hata bila duara. Washa nchi kavu, juu ya ubao ulionyooka, usiiguse mpaka gimbali imalize kujinyoosha, kisha ruka kutoka ufukweni ukifuate chombo. Kifuniko cha gimbali kiondolewe kabla ya kuwasha, si baada. Na IMU, yaani jairoskopu na kihisi mchapuko kwa pamoja, isisawazishwe chomboni hata bahari ikiwa shwari kiasi gani.

Upepo

Wakati wa kusi, Mei hadi Septemba, na kaskazi inapovuma Desemba hadi Machi, mchana wa pwani si rafiki wa droni ndogo. Droni hulalia upepo ili isichukuliwe, na gimbali nayo ina mwisho wake. Ya droni ya DJI Mini 2, kwa mfano, inaweza kulala ubavu digrii 35 kila upande na haiendi zaidi. Mwili ukikaribia kiasi hicho, ambacho kwa Sport kinafikika, picha italala tu. Upepo ukiwa mkali, uelekeze droni iupokee kwa pua au kwa mkia, na picha ya ubavuni iahirishe hadi asubuhi.

Ukithibitisha kwamba ni usawazishaji

Fuata mpangilio huu wala usiuruke. Kwanza rudisha marekebisho ya mkono ya gimbali kwenye sifuri. Kama kuna mtu aliwahi kuongeza digrii 1.2, kila utakalofanya baadaye litajengwa juu ya kosa hilo.

Pili, tafuta meza na pimamaji ya fundi mwashi. Pima urefu wa meza, kisha upana. Igeuze pimamaji yenyewe mwisho kwa mwisho usome tena. Usomaji ukibadilika, pimamaji ndiyo mbovu. Kwenye meza ya sentimita 60, mguu mmoja kuzama sentimita 1 kunatosha kukupa kosa la digrii 1. Simu kama pimamaji ni ya dharura tu, kwa sababu kivimbe cha kamera mgongoni huinyanyua upande mmoja.

Tatu, droni iwe ya baridi. Iliyotoka kuruka au kukaa juani ina vihisi vya moto, na usomaji wake si ule itakaokuwa nao kesho asubuhi. Katika DJI Fly, programu ya simu ya droni za DJI, ingia Safety, halafu IMU Calibration, uiweke droni katika mikao ambayo picha zinaonyesha, bila kuitikisa. Dira isawazishe tu kama programu inaomba au jaribio limeionyesha kuwa na kosa, na uifanyie nje, mbali na gari, mabati na zege lenye nondo. Kisha rudi mezani: Control, Gimbal Calibration, uchague Auto. Mpaka imalize, usiiegemee meza.

Mwisho ruka, rudia jaribio la bahari. Kukibaki ulalo mdogo usiobadilika, digrii 0.2 au 0.4, ndipo utumie marekebisho ya mkono, ukielea bila upepo, kwa hatua ndogo ndogo. Usiyatumie kamwe kunyoosha ulalo uliotokana na duara. Droni itakapotulia na kujirekebisha yenyewe, bahari italala upande wa pili, na utadhani umepata ugonjwa mpya.

Ikigoma

Zima droni, isogeze gimbali kwa kidole taratibu katika mihimili yote mitatu. Inapaswa kuteleza bila kukwaruza. Ukihisi chembe, ni mchanga. Upulize kwa kipulizo cha mpira na uufagie kwa brashi laini. Usitumie hewa ya kompresa, itausukumiza ndani ya mota. Tazama kamera kwa mbele: nafasi kati ya gimbali na mwili iwe sawa kulia na kushoto. Ikizidi upande mmoja, raba moja ya kuzuia mtetemo imechomoka kwenye tundu lake, na huwa inatokea baada ya kutua kwa kishindo. Angalia pia waya bapa wa nyuma kama haukubanwa au kukunjika, kwa sababu huivuta kamera ubavuni. Kichujio cha ND (kioo cha kupunguza mwanga) kilichotengenezewa modeli nyingine kinaweza kuwa kizito mno kwa mota. Kivue, rudia jaribio. Mkono wa gimbali uliopinda usijaribu kuunyoosha kwa koleo. Huo ni wa kubadilishwa.

Klipu iliyokwisha kurekodiwa

Izungushe kwenye uhariri, lakini jua bei yake. Ili pembe zisibaki nyeusi, fremu ya 16 kwa 9 lazima ikuzwe: digrii 0.5 inataka asilimia 101.6, digrii 1 asilimia 103.1, digrii 2 asilimia 106.2, digrii 3 asilimia 109.2. Ukirekodi 4K na kutoa kazi kwa 1080, hasara hiyo haitaonekana. Ulalo uliotokana na duara hubadilika kadiri klipu inavyokwenda, kwa hiyo usiweke namba moja kwa klipu nzima: pima mwanzo, katikati na mwisho, weka alama ya mzunguko kwenye kila pointi na uiache programu ipitishe kati yake taratibu. Ukuzaji uweke mmoja, wa ule ulalo mkubwa kuliko yote, kutoka mwanzo hadi mwisho wa klipu, la sivyo picha itaonekana inasogea mbele na kurudi nyuma.